Nani Alipie Ulinzi wa Aldabra?

Katika Bahari ya Hindi, yapata kilomita 640 kutoka pwani ya Afrika na kilomita 420 kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Madagaska, kuna kikundi cha visiwa vya matumbawe kiitwacho Aldabra. Visiwa hivyo ni mali ya Jamhuri ya Shelisheli. Havina uwanja wa ndege, havina hoteli, wala havina wakazi wa kudumu isipokuwa watumishi wachache wa kituo cha utafiti. Mtalii anayetaka kuviona hana njia nyingine ila bahari. Na aghalabu husafiri kwa meli ndogo ichukuayo abiria mia moja au mia mbili, yenye wataalamu wa viumbe ndani yake, na yenye boti za mpira za kuwashusha watu mahali pasipo na gati. Baadhi ya meli hizo hupita Unguja, Mafia na Kilwa kabla ya kuelekea Komoro, Aldabra na hatimaye Mahé. Kwa sababu hiyo, swali la nani anufaike na safari hizo na nani abebe gharama zake si la Washelisheli peke yao. Linawahusu pia watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki.

Safari za namna hii si za zamani sana. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa na shirika la safari huko Marekani, aliwapeleka watalii katika bara la barafu la Antaktika. Mwaka 1969 ikaundwa meli maalumu kwa kazi hiyo, iliyoitwa Lindblad Explorer, yenye ubavu ulioimarishwa dhidi ya barafu na nafasi ya abiria wapatao mia moja. Wazo lake lilikuwa jema: msafiri awe mwanafunzi, asikilize mihadhara akiwa melini, kisha ashuke pwani pamoja na mtaalamu ili aone kwa macho yake yale aliyofundishwa. Lakini wazo jema haliiondolei bahari hatari zake. Meli hiyohiyo, baada ya kubadilishwa wamiliki na kuitwa Explorer, iligonga barafu na kuzama karibu na Antaktika tarehe 23 Novemba, 2007. Watu wote 154 waliokuwamo waliokolewa. Mafuta yake yalibaki na bahari.

Tangu siku za Lindblad safari hizo zimeongezeka kupita kiasi kilichotazamiwa. Katika msimu wa 2023 hadi 2024 watalii waliofika Antaktika kwa meli na ndege walizidi 120,000. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Antaktika zimekwisha kukubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu hata mmoja, na kwamba mahali popote pasiwe na abiria zaidi ya mia moja nchi kavu kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini inahesabu watu wa saa moja. Haihesabu watu wa mwaka mzima. Meli kumi zenye abiria mia moja kila moja huleta nyayo sawasawa na meli moja yenye abiria elfu moja. Udogo wa meli, basi, si udogo wa athari, na neno "ndogo" lisichukuliwe kuwa cheti cha usafi.

Hapana shaka kwamba mambo yanayoonekana Aldabra yanastahili safari ndefu. Visiwa vyake vinne vikubwa vimekaa kama pete yenye urefu wa kilomita zipatazo 34, kulizunguka ziwa la maji ya bahari. Bahari inapokupwa, maji ya ziwa hilo hutoka kwa nguvu kupitia milango michache iliyopo kati ya visiwa, na kuacha wazi majabali ya chokaa yaliyoliwa na mawimbi chini mpaka yakawa na umbo la uyoga. Maji yanapojaa, kasa, taa na papa wadogo huingia nayo. Juu ya mikoko huzaliana ndege wa baharini waitwao frigeti, ambao huwanyang'anya ndege wengine samaki hewani. Kundi lao la Aldabra ni kubwa kuliko yote katika Bahari ya Hindi. Kaa wa minazi, ambaye ndiye mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu, hutambaa usiku penye miamba. Na kobe wakubwa, ambao dume lake laweza kufika uzito wa kilo 250, wamo yapata 100,000. Hakuna mahali pengine duniani penye kobe wa namna hiyo wengi kiasi hicho, hata katika visiwa vya Galápagos.

Yupo pia ndege mdogo wa jamii ya kiluwiri asiyeweza kuruka, ambaye historia yake inafaa kujulikana na kila mtu anayekwenda huko. Mwaka 2019 wataalamu Julian Hume na David Martill walichapa utafiti wa mifupa ya kale iliyochimbwa Aldabra. Mifupa hiyo ilionyesha kwamba kiluwiri wa Madagaska alipata kuruka mpaka Aldabra, akaishi huko pasipo adui, na vizazi vyake vikapoteza uwezo wa kuruka. Kisha, yapata miaka 136,000 iliyopita, bahari ilipanda ikavifunika visiwa vyote, na ndege huyo akatoweka. Visiwa vilipotokeza tena juu ya maji, kiluwiri wa Madagaska aliruka akaja mara ya pili, na mara ya pili vizazi vyake vikapoteza uwezo huo. Jambo hili huelezwa na baadhi ya watu kama faraja, kana kwamba maumbile hujirekebisha yenyewe. Ni faraja ya uongo. Aldabra iliweza kujazwa upya kwa sababu Madagaska ilikuwa na mbegu za kuijaza. Kobe wa Aldabra wana asili ya Madagaska, lakini kobe wakubwa wa Madagaska wamekwisha kabisa, na wale wa visiwa vingi vya jirani waliliwa na mabaharia. Zamani Aldabra ilipokea. Leo ndiyo ghala yenyewe. Ghala likiteketea, hakuna mahali pa kuomba mbegu.

Matangazo ya safari hupenda kuviita visiwa hivi "pori lisiloguswa". Maneno hayo si ya kweli, na upotofu wake una madhara. Aldabra imeguswa sana. Katika karne ya 19 kobe walichukuliwa kwa wingi kuwa chakula, hata mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake wakamwandikia Gavana wa Mauritius wakimsihi awalinde waliosalia. Mbuzi waliletwa wakala majani na vivuli ambavyo ni uhai wa kobe. Kasa wa kijani walivuliwa kwa miaka mingi mpaka walipopewa ulinzi mwaka 1968. Na kati ya mwaka 1966 na 1967 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imevitenga visiwa hivi na Shelisheli, ilitaka kujenga huko uwanja wa ndege za kijeshi. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele kubwa. Na Novemba 1967, thamani ya fedha ya Uingereza iliposhushwa, mpango huo ukaachwa. Ni haki kukumbuka sehemu ya pili ya habari hiyo. Kituo cha kijeshi kilijengwa Diego Garcia, na watu wa visiwa vya Chagos wakahamishwa makwao. Kobe walipata watetezi wenye sauti, watu hawakupata.

Kwa hiyo, yale ambayo mtalii anayaona leo si zawadi ya upweke. Ni matunda ya maamuzi na ya kazi. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Royal Society ya Uingereza kiliwekwa baadaye mikononi mwa Wakfu wa Visiwa vya Shelisheli, ulioundwa mwaka 1979. Mwaka 1982 UNESCO iliitia Aldabra katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuwamaliza mbuzi kulichukua miaka mingi ya kuwasaka juu ya miamba mikali ikatayo viatu, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012. Mwaka huohuo alionekana Aldabra ndege mgeni wa jamii ya kwera, mwenye asili ya Madagaska, aliyepelekwa na binadamu katika kisiwa cha Assumption kilichopo mwendo wa kilomita zisizofika 30. Ilibidi asakwe, kwa kuwa angeweza kuzaana na ndugu yake wa Aldabra na kuifuta jamii isiyopatikana popote pengine. Mkondo wa kazi hizi ni wa kimya. Hauna picha za kupendeza. Lakini matokeo yake hupimika: viota vya kasa wa kijani vimeongezeka mara kadhaa tangu ulinzi ulipoanza mwaka 1968.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa takataka. Mwaka 2019 vijana wa kujitolea kutoka Shelisheli na Uingereza walifanya kazi kwa muda wa wiki tano kusafisha fukwe za Aldabra. Walikusanya tani 25. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba zilibaki tani 513. Kwa uzito, sehemu kubwa ilikuwa nyavu, kamba na vyombo vya uvuvi wa viwandani. Kwa hesabu ya vipande, kandambili za plastiki ndizo zilizoshinda. Ilikadiriwa kwamba kuziondoa zote kungehitaji saa 18,000 za kazi na dola za Marekani milioni 4.68. Takataka hizo hazikutupwa na Washelisheli, wala na watalii wa meli ndogo. Zililetwa na mikondo kutoka nchi za mbali na kutoka vyombo vya uvuvi. Anayezizoa ni mwenye kisiwa.

Fedha za ulinzi huo zinatoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka katika viingilio vya Vallée de Mai, msitu mdogo ulioko kisiwa cha Praslin wenye mivumo ya ajabu izaayo nazi kubwa kuliko zote duniani. Watalii wa Praslin ndio waliolipia kobe wa Aldabra, hata kama wengi wao hawatakanyaga huko. Mpango huo ni wa busara, lakini una udhaifu mmoja. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege, viingilio vya Vallée de Mai vilikauka, na ulinzi wa Aldabra ukatikiswa na jambo lililotukia zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Abiria wa meli ndogo hukaa Aldabra siku moja au mbili, kisha huondoka. Kwa hiyo yeye mwenyewe huenda asifikie siku ya tatu. Lakini meli hurudi. Shirika lililokwisha kuleta wageni mwaka hata mwaka limemaliza siku zake mbili zamani. Limeuza picha za kobe, limeuza sauti za ndege, limeuza machweo juu ya ziwa la bahari. Haliwezi kuendelea kuhesabiwa kuwa mgeni wa kukaribishwa tu. Ahadi ya kutoharibu haitoshi, kwa sababu kisiwa kinaharibika hata pasipo meli kuja: takataka zinafika, bahari inapata joto, matumbawe yanapauka kama yalivyopauka mwaka 1998 na 2016. Anayefaidika na kazi ya ulinzi hana budi kushika jembe la ulinzi.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuvifunga visiwa vya namna hii visifikiwe na mtalii yeyote. Hoja yao haipaswi kudharauliwa. Kila kiatu kinachoshuka kinaweza kuleta mbegu, kila mzigo unaweza kuficha mdudu au panya, na kila abiria amechoma mafuta mengi ya ndege na ya meli kabla ya kuiona pwani. Hata hivyo, uzoefu umekwisha kuijibu hoja hiyo. Maharamia wa Kisomali walipotapakaa katika maji hayo kuanzia miaka ya 2008 na 2009, safari za watalii kwenda Aldabra zilisimama kwa muda. Takataka hazikusimama, na ndege mgeni wa Assumption hakusimama. Kufunga mlango si kulinda nyumba, kama ukuta wa nyuma uko wazi. Na hivi karibuni ujenzi wa hoteli ya kifahari katika kisiwa hichohicho cha Assumption umeleta mabishano makali Shelisheli. Hatari kubwa haiji kwa meli zenye boti za mpira peke yake.

Wapo pia, upande wa pili, mashirika yanayosema kwamba kila abiria hurudi kwao akiwa balozi wa maumbile, na kwamba hayo yenyewe ni malipo. Huenda baadhi yao huwa mabalozi. Lakini hisia za mtu aliyesimama mbele ya kobe mwenye umri mkubwa kuliko wake si fedha ya kumlipa mlinzi mshahara, wala si mafuta ya mashua ya doria. Nia njema ihesabiwe pale inapoonekana katika daftari.

Mambo manne yangefaa kuwa sharti la kila meli ya namna hii. La kwanza, ada ya kushuka pwani iwe kubwa kiasi cha kulingana na kazi inayolipiwa, na iende moja kwa moja katika mfuko wa ulinzi wa mahali hapo. Ecuador ilipandisha kiingilio cha mgeni wa Galápagos kutoka dola 100 hadi dola 200 mwezi Agosti 2024, na ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa chumba cha meli atageuza njia kwa ajili ya mia mbili. La pili, idadi ya abiria na majira ya kushuka ipangwe na wale wanaohesabu viota, si na wale wanaohesabu vyumba. Tena ihesabiwe kwa mwaka mzima. La tatu, nguo, viatu na mizigo vikaguliwe na mtumishi wa kisiwa kabla boti haijateremshwa, kwa sababu kumfukuza panya mmoja melini ni rahisi, na kumsaka akishazaa kisiwani ni kazi ya miaka. La nne, meli itoe nafasi. Chombo kinachokwenda mahali pagumu kufikika kina kitu ambacho watafiti wa nchi maskini hawana, nacho ni usafiri. Vyumba viwili katika kila safari vitengwe kwa watafiti na wanafunzi wa nchi za pwani hii, wafanye kazi yao na wawafundishe abiria. Mhadhara kuhusu bahari ya watu ni vizuri utolewe, walau mara mojamoja, na mtoto wa watu hao.

Sharti hilo la nne lina uzito hasa kwa Tanzania. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja. Meli hutia nanga karibu nayo. Yapata kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam kiko kisiwa kidogo cha mchanga na matumbawe kiitwacho Fungu Kizimkazi, ambacho ni mazalia ya buabua na ndege wengine wa baharini. Wavuvi wanakijua vyema. Wananchi wengi hawajapata hata kusikia jina lake. Kisiwa cha namna hiyo, kisicho na kivuli wala maji, ndicho kinachotafutwa na ratiba za safari za namna hii. Kundi la watu mia likishuka saa sita mchana wakati wa kuatamia, buabua wataruka, na yai lililoachwa juani kwenye mchanga wa moto haliwezi kustahimili kwa muda mrefu. Masharti ya mahali kama hapo yaandikwe kabla ya ratiba kuchapwa, si baada ya malalamiko.

Wala haihitajiki kwenda mbali kutafuta mfano wa kufuata. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilipewa hifadhi ya matumbawe yake mwaka 1994. Panya waliondolewa mwaka 1997. Vibanda vya wageni ni saba tu; walinzi wake wa kwanza walitokana na wavuvi wa vijiji vya jirani; na fedha za wageni huwapeleka watoto wa shule za Unguja kuyaona matumbawe ambayo wengi wao wasingeyaona kamwe. Chumbe ni kidogo, na si kila kitu chake kinaweza kuhamishwa kwingine. Lakini kinathibitisha jambo moja kubwa: idadi ndogo ya wageni waliowekewa masharti yaweza kulipia ulinzi wa mahali, pamoja na elimu ya wenyeji.

Nchi za pwani zina tabia ya kuzungumza na wenye meli kana kwamba ndizo zinazoomba. Hali halisi ni kinyume chake. Meli inaweza kuundwa katika mwaka mmoja au miwili, na mtaalamu wa kutoa mihadhara anaweza kuajiriwa kwa barua moja. Lakini ziwa la bahari lenye kobe 100,000 ukingoni mwake haliundwi na kiwanda chochote. Mwenye kitu hicho ndiye mwenye haki ya kutaja masharti. Ingefaa Shelisheli, Komoro, Tanzania, Kenya na Madagaska zikae pamoja, zipange ada na kanuni zinazolingana, ili shirika likikataa masharti ya bandari moja lisikimbilie nyingine iliyo rahisi. Hapo meli ndogo zitakuwa na mahali pa heshima katika bahari hii, nazo zitastahili mahali hapo kwa sababu zitakuwa zimeshika jembe pamoja na wenyeji.